Bwawa Lisilo na Mti

Katika bonde moja la Masisi, mashariki mwa Kongo, chini ya vilima vya malisho vinavyosifika kwa jibini, liko bwawa la perege ambalo kingo zake zimepambwa kwa ustadi unaostahiki bustani ya sultani, ila halina mti hata mmoja. Na jambo hilo, ingawa dogo, lilinitia tashwishi nisiweze kupita nikanyamaza.

Tuta la udongo limefunikwa nyasi fupi za kikuyu, zilizobandikwa pande kwa pande na kugongwagongwa kwa bapa la jembe, ili mizizi ishikamane kabla ya mvua kubwa. Chini ya tuta, pale maji yajipenyezapo, magimbi yamepandwa kwa safu yanywe kilichovuja na kuilisha nyumba; na penye mfereji wa kuingizia maji yamesimama maua ya kana, mekundu, ambayo mzee mwenye bwawa anakiri hayana faida yoyote ila kumfurahisha mkewe. Pembeni pana kizimba cha mianzi kilichojazwa majani ya viazi vitamu na samadi, vioze taratibu na kuyatia maji ule ukijani unaowalisha perege. Kila asubuhi mzee huzamisha mkono hadi kiwiko: kiganja kikimpotea machoni, rutuba imetosha, kikionekana, huongeza samadi.

“Mti ni jirani mwema akiwa mbali, mwanangu,” aliniambia. Mizizi yake, alieleza, hutoboa tuta, na ikifa huacha njia ambamo maji hutoroka. Mkaratusi nao haushibi. Tena Masisi ni nchi ya baridi, na perege, maji yakipungua joto chini ya nyuzi 20, huwa mzito wa kukua, hivyo kivuli ni dhuluma kwake. Matete vilevile aliyakataa, kwa kuwa humsitiri nyoka na fisi-maji. Huko Walikale, alikowahi kufanya kazi hiyo, mambo ni kinyume: joto si haba, lakini msitu hudondosha majani pasi na kikomo, yakaoza na kuyafanya maji kuwa meusi na makali, basi kabla ya kuchimba sharti uusogeze msitu nyuma.

Hoja zake zilikuwa timamu. Hata hivyo, nilimwuliza, mparachichi mmoja, hatua ishirini kutoka majini, ungemdhuru nani?

Akacheka. “Shamba si langu. Aliyenipa ruhusa ya kuchimba alinikataza kupanda kitu cha kudumu. Mti ni shahidi; nyasi na magimbi havitoi ushahidi.”

Katazo hilo ndilo kaida kwa wapangaji wengi wa huko, ambako mamwami, yaani machifu wa jadi, hudai ardhi kwa mila, wenye mashamba makubwa hudai kwa hati, na sheria ya mwaka 1973 husema yote ni mali ya Serikali. Na Serikali yenyewe ilipoteza mkono wake hapo waasi wa M23 walipoiteka Masisi-Centre Januari 2025. Iwapo mzee atalazimika kukimbia, kama walivyokimbia maelfu, ni nani atakayevua perege hao, na kwa haki gani?

Nilimwuliza pia kama tuta lile, alilolijenga kwa mikono yake na wanawe, si la kudumu kuliko mparachichi.

“Hilo mwenye shamba hajaliuliza bado,” alijibu, “wala mimi sitamkumbusha.”