Kundi la WhatsApp Halitunzi Promo

Kila mwaka, matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yakishatoka na vijana wa Lubumbashi wakaanza kumwagiana poda kichwani barabarani, simu yangu hujaa swali lile lile. Wanaouliza ni watu wazima, wengine wana wajukuu, waliomaliza masomo miaka thelathini au arobaini iliyopita. Wameona furaha ya watoto, wamekumbuka ya kwao, na wanataka kujua: "Prof, tufungue kundi la WhatsApp la namna gani ili promo yetu yote irudi pamoja?"

Nimelijibu kwa upole miaka mingi. Safari hii nalijibu bila kuzunguka: kundi la namna hiyo halipo. Kazi yangu ni kuchunguza mahusiano ya watu wa mjini, jinsi yanavyofungwa na jinsi yanavyolegea, na sijaona imani iliyowapotezea watu wenzao wa darasa kama hii ya kudhani kwamba kundi linatunza promo, yaani watu waliosoma pamoja mwaka mmoja.

Tazameni maisha ya kundi lenyewe. Mtu mmoja mwenye moyo analifungua Jumamosi usiku, anaingiza namba alizo nazo, na kila anayeingia analeta nyingine mbili tatu. Wiki za kwanza ni sherehe: picha ya darasa iliyokunjamana pembeni, majina ya utani, habari za prefe, mkuu wa shule, aliyekuwa akisimama getini na saa mkononi. Mwezi wa pili zinaanza kuingia sala za asubuhi zilizotoka makundi mengine, video za siasa, matangazo ya viwanja vinavyouzwa njia ya Kasumbalesa. Kufika mwezi wa sita wanaozungumza ni wanne, na wanne hao wangeonana hata bila kundi. Wengine wote wamo kwenye orodha, kimya. Madhara yanaanzia hapo, kwa sababu hakuna tena anayejisumbua kumpigia mwenzake. Ukimwuliza habari za fulani anakujibu: "Si yuko kwenye kundi?"

Hayuko. Iliyoko kule ni namba ya simu tu. Akaunti ya WhatsApp ikikaa siku 120 bila kutumiwa inafutwa, na mwenyewe anatoka katika makundi yake yote. Kampuni za simu nazo huichukua namba iliyolala muda mrefu na kumpa mteja mwingine. Kwetu mtu ana laini mbili au tatu, anawasha ile inayoshika mtandao pale alipo, na akihamia Zambia au Afrika Kusini zote zinabaki kwenye droo. Tena tangu mwaka 2022 mtu akijitoa mwenyewe, kundi halitangaziwi. Wasimamizi pekee ndio wanaoarifiwa. Basi watu wanapungua, na promo inaendelea kujihesabu kama zamani.

Mwaka huo huo wa 2022 kundi moja liliruhusiwa kufikisha watu 1,024, na wengi waliniambia sasa tatizo limekwisha, promo tatu zinaweza kukaa mahali pamoja. Ukubwa ndio unaozidi kuharibu. Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza, ameeleza tangu miaka ya 1990 kwamba binadamu ana uwezo wa kushika mahusiano ya kweli na watu 150 hivi, ndugu na majirani wakiwemo. Yeye na Sam Roberts waliwafuatilia vijana 30 wa Uingereza kwa miezi 18, kuanzia mwaka wao wa mwisho wa sekondari hadi walipotawanyika kwenda vyuoni na kazini. Urafiki ulilegea upesi pale ambapo hakuna aliyeushughulikia. Kwa wasichana, kilichouzuia usilegee ni kuongea wao kwa wao. Kwa wavulana, ni kufanya jambo pamoja. Kupokea sala moja iliyotumwa kwa watu mia mbili si kuongea na mtu, wala si kufanya jambo naye.

Halafu kuna kilio. Mwenzenu amefiwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kundi linaamka. Mweka hazina anabandika orodha: jina la kwanza dola 100, la pili dola 50, la tatu dola 50. Kila anayetoa anainakili orodha, anajiongeza, anaibandika upya, nayo inashuka mbele ya macho ya wote mpaka usiku. Sasa mfikirieni yule aliyetoka Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, mwaka 2003 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia na kuwapeleka nyumbani wafanyakazi zaidi ya 10,000. Ana faranga 10,000 mfukoni, nazo ni za unga wa bukari, ugali wetu. Hawezi kuandika jina lake chini ya dola 50, na hawezi kuacha kuliandika. Anazima simu. Wiki inayofuata anajitoa, na kwa utaratibu niliokwisha kuueleza hakuna anayejua ila wasimamizi. Watu wanasema fulani amejitenga, ana kiburi. Fulani ameaibishwa, na aliyemwaibisha ni orodha iliyotengenezwa kwa nia njema. Jambo hili linaniudhi kuliko yote, maana ndilo linalomfukuza mtu anayewahitaji wenzake zaidi. Na yule asiye na simu ya WhatsApp wala pesa ya mega za intaneti hata hakufukuzwa. Hakuhesabiwa tangu mwanzo.

Watu huniambia: basi tukikaa kimya urafiki utakufa. Hapana. Mwaka 2011 Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan walitoa utafiti uliowataka mameneja wawatafute watu waliowahi kuwa nao karibu na ambao hawakuwasiliana nao kwa miaka mitatu au zaidi, wawaombe ushauri wa kazi. Ushauri ulioletwa na mahusiano hayo yaliyolala ulikuwa na manufaa sawa na ule wa watu wanaoonana nao kila siku, mara nyingine kuupita, na imani ya zamani ilikuwa bado ipo. Uhusiano wa namna hiyo unaweza kulala miaka mingi na ukaamka kwa simu moja. Usioweza kuuamsha ni wa mtu ambaye hakuna anayejua aliko. Kwa hiyo promo haihitaji mazungumzo ya kila asubuhi. Inahitaji kila mtu wake awe anapatikana, na hilo ni suala la kumbukumbu zilizoandikwa.

Katika mji wetu kumbukumbu hizo zina mashimo yenye tarehe. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya ubatizo ya Kizungu. Waliokuwa Joseph na Marie kwenye daftari la darasa la kwanza la sekondari wakamaliza kwa majina mengine, na miaka ya 1990 wengi wakayarudia yale ya kwanza. Shule zenyewe zilibadili majina. Chuo cha Saint-François de Sales cha Wasalesia, waliofika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, kiliitwa Imara wakati wa Zaïre, na hadi leo watu wawili wa miaka tofauti wanaweza kutaja shule mbili ilhali walikaa kwenye madawati yale yale. Mwanamke aliyemaliza Lycée Tuendelee, huko Katuba au Ruashi anakoishi sasa, anaitwa Mama wa mtoto wake wa kwanza. Ukiuliza kwa jina la masomo, hata jirani wa mlango wa pili hamjui.

Shimo kubwa kuliko yote ni la 1992 na 1993. Wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, familia zilijazana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi, zikilala hapo wiki hata miezi zikingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Lubumbashi haikuguswa kwa ukali ule ule, lakini hata hapa kuna waliofunga mizigo, na shule nyingi za mkoa zilipoteza wanafunzi na walimu katikati ya mwaka. Wakati huo huo Gécamines, iliyotoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilianguka hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1994, na watoto wa wafanyakazi wake wakatawanyika. Promo za miaka hiyo zikiniuliza kwa nini nusu ya darasa haiitiki, nawauliza mmeandika nini mkiwatafuta. Mara nyingi wameandika, "Jamani tusahau yaliyopita." Aliyelala stesheni na wazazi wake hawezi kuamriwa kusahau na ujumbe wa jumla. Mpigieni yeye mwenyewe, apige aliyekaa naye dawati moja, na mwacheni aseme atakayo au anyamaze.

Sasa ya kufanya. Tafuteni palmaresi ya mwaka wenu. Exetat ipo tangu 1967, na orodha zake zina majina. Lakini palmaresi ina waliofaulu tu, hivyo mwombeni prefe awaonyeshe na daftari la darasa, ili walioanguka na walioacha masomo mwaka wa tano nao waingie. Ni wa promo yenu.

Andikeni kwenye daftari la karatasi, nakala mbili, nyumba mbili. Kila mtu apate ukurasa: jina la masomo, jina la sasa, jina la utani, jina analoitwa mtaani, komune ya mwisho aliyojulikana, parokia au kanisa, namba zake zote. Chini kabisa wekeni ndugu mmoja asiyehama: dada, mjomba, yeyote ambaye hata baada ya miaka kumi atajua yuko wapi. Mstari huo wa ndugu una thamani kuliko namba zote. Waliofariki wabaki ndani, na namba ya mtoto wao mmoja.

Gawaneni watu. Kila mtunzaji achukue kumi, asizidishe, awapigie mara mbili kwa mwaka, kwa sauti. Kolwezi awe na mtunzaji wake, Kinshasa wake, Johannesburg wake, Bruxelles wake. Mtunzaji akichoka aseme, akabidhi kurasa zake kwa mwingine.

Michango iende kwa mweka hazina moja kwa moja kwa M-Pesa au Airtel Money, naye atangaze jumla tu. Majina na viwango vibaki kwake na kwa mtu wa pili anayemkagua. Asiye na pesa abebe viti, akeshe kwenye kilio, apike. Hiyo nayo iandikwe. Likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, ifanyeni pembeni na wanaoiweza, isiwe tiketi ya kuingia promo. Fedha zikiwa nyingi, kama mnataka kukarabati darasa, jiandikisheni kwa sheria ya 2001 ya mashirika yasiyo ya faida. Zikiwa kidogo msijisumbue.

Chagueni siku moja kwa mwaka, ile ile kila mwaka, mkutane shuleni kwenyewe, na muwe na kazi ya kufanya: kupaka rangi ukuta, kusikiliza finalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wakijieleza, kutengeneza madawati. Hoteli inawachuja watu kwa bei ya bia.

Na kundi la WhatsApp mlilo nalo? Liacheni liwepo kwa ajili ya matangazo, wasimamizi pekee ndio waandike. Kila Januari mtu mmoja akae na daftari upande mmoja na orodha ya kundi upande wa pili, jina kwa jina. Atakayeonekana kwenye daftari na kukosekana kwenye orodha apigiwe siku hiyo hiyo. Simu yake isipoita, mpigieni ndugu.