Mabawa meupe na mwanga tusiouona

Katika bustani za mashu kule Japani huruka kipepeo mdogo mweupe, ambaye wataalamu wanamwita Pieris rapae. Tukimtazama dume na jike, wote wawili ni weupe wenye madoa meusi machache. Kwetu wanafanana sana. Lakini dume akimwona jike humtambua mara moja. Anamjuaje?

Jibu liko katika mwanga. Macho yetu huona mwanga wa kuanzia nanomita 400 hivi, ambao ni urujuani, mpaka 700 hivi, ambao ni mwekundu. Chini ya 400 kuna mwanga mwingine wa jua, unaoitwa ultravioleti. Lenzi ya jicho letu huuzuia kwa sehemu kubwa usifike ndani. Kipepeo anauona.

Ili nasi tupate kuona tofauti hiyo, wataalamu hupiga picha mbili za kipepeo yule yule bila kumsogeza. Ya kwanza ni ya mwanga wa kawaida. Kwa ya pili, aparei huondolewa kioo cha ndani kinachozuia ultravioleti, na mbele ya lenzi huwekwa kichujio kinachopitisha mwanga huo peke yake. Kisha huwashwa taa inayoutoa. Sehemu ya bawa inayorudisha mwanga huo hutokea nyeupe. Inayoumeza hutokea nyeusi. Hapo jike anang'aa, na dume ni mweusi. Mwaka 1968, Wajapani wawili, Obara na Hidaka, walionyesha kwamba ndiyo alama ambayo dume humtambulia jike.

Tuwe waangalifu. Picha hiyo haionyeshi roho, na mtu asije akaitumia kutuambia kwamba amepiga picha ya mapepo. Ni mwanga wa jua, kazi ya Muumba kama mwanga mwingine. Inachotufundisha ni kwamba macho yetu yana mpaka. Hata Samweli, nabii wa Mungu, alipofika kwa Yese alimtazama Eliabu akadhani amekwisha kumpata mfalme, kumbe Daudi alikuwa bado anachunga kondoo.

Na mwanga huu hauko Japani tu. Ndio unaounguza ngozi ya ndugu zetu wenye ualbino, tunapowakalisha juani saa nyingi kwenye mikutano yetu ya injili. Sisi hatuuoni, na ngozi yetu inaustahimili zaidi, kwa hiyo wakilalamika tunadhani wanajidekeza. Basi, kabla ya kupanga viti vya mkutano ujao, tuwaulize wao kwanza wangependa kukaa wapi, tuwape kivuli. Na ndugu mwenye ualbino akija na kofia kwenye ibada ya uwanjani, mashemasi wasimwambie aivue.