Daktari Akisema "Bado Hatujajua"

Hakuna jibu linalowakera ndugu wa mgonjwa kama hili: bado hatujajua, tusubiri vipimo. Baba alilala mzima. Alfajiri anaamshwa kuswali, haitiki vizuri, mwili unachemka, anaita majina ya watu waliokufa zamani. Mmemkimbiza hospitali kwa bajaji, mmefungua faili, mmelipia vipimo, na hadi saa saba mchana ugonjwa haujapewa jina. Ndipo simu zinapoanza. Shangazi anasema hiyo si homa ya hospitali. Shemeji anamjua mganga. Kaka mkubwa anataka mgonjwa ahamishwe leo hii. Kazi yangu ni magonjwa ya ndani, na nimeona maamuzi ya saa hizo yakiokoa watu, na nimeyaona yakiwapoteza. Naomba nieleze kinachofanyika wodini wakati ninyi mnasubiri nje.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dalili tu. Malaria kali huileta, homa ya uti wa mgongo huileta, kiharusi pia, figo zilizoshindwa kazi, sumu, hata dawa za kawaida. Daktari huanza na kile kinachoua haraka na kutibika haraka. Kwa tone la damu ya kidoleni, sukari hupimwa kwa sekunde chache. Mzee mwenye kisukari aliyemeza glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, halafu akalala bila kula, hasa kama figo zake ni dhaifu, anaweza kuamka sukari imeshuka mno na upande mmoja umelegea, kila mtu akaapa ni kiharusi. Akipata glukosi ya mshipani, mara nyingi huzinduka na kuuliza kwa nini watu wamejaa chumbani. Msishangae akilazwa ingawa anaongea: glibenclamide hukaa mwilini, na sukari inaweza kushuka tena.

Vipimo vingine havina haraka hiyo, na vingi havitoshi peke yake. Kipimo cha haraka cha malaria hujibu kwa dakika 15 hadi 20, lakini kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Tena, kwenye maeneo yenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vimelea huku kinachomlaza kitandani ni kingine. Widal, kipimo kilichowapa watu wengi taifodi wasiyokuwa nayo, huangalia kingamwili tu, na hizo zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani. Kuotesha damu maabara huchukua siku kadhaa, kwa sababu bakteria lazima wakue ndipo waonekane. Na CT skani iliyopigwa saa za mwanzo za kiharusi cha mshipa kuziba inaweza kuonekana safi, ya kesho yake ikaonyesha tatizo. Familia husema ile ya kwanza ilidanganya. Haikudanganya, ubongo ulikuwa haujabadilika kiasi cha kuonekana.

Kinachoniumiza zaidi ni kipimo cha maji ya uti wa mgongo, maana familia nyingi hukikataa. "Fulani alichomwa sindano ya mgongo akafa." Ni kweli wapo waliofariki baada yake, lakini kilichowaua mara nyingi ni ugonjwa wenyewe, na wengi walifika wamechelewa. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo, usawa wa nyonga, ambako zimebaki nyuzi za neva zinazoelea majini. Mgonjwa hulazwa ubavu, magoti yakakunjwa kuelekea kifuani, ngozi ikatiwa ganzi, na mililita chache zikadondoshwa kwenye chupa ndogo. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo na hutengeneza karibu 500 kwa siku, hivyo kilichochukuliwa hurudi upesi. Kichwa kinaweza kuuma siku chache. Daktari akihofia shinikizo kichwani, atataka CT skani kwanza. Lakini akisema sindano ichomwe, ruhusuni. Bila maji hayo ni vigumu sana kutofautisha bakteria, kifua kikuu na fangasi, na dawa zake hazifanani.

Wakati majibu yanasubiriwa tiba huanza, kwa kuwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria haingoji maabara. Siku ya pili dawa moja ikisimamishwa na nyingine ikaanzishwa, msidhani mgonjwa anafanyiwa majaribio. Majibu yameondoa ugonjwa mmoja kwenye orodha.

Na ninyi mna kazi kubwa kuliko kulipia vipimo. Leteni dawa zote alizokuwa akitumia, pamoja na pakiti na chupa zake, hata za mitishamba, na msione haya. Hatutawagombeza, tunataka kujua ini na figo zimepokea nini. Aliyelala naye nyumba moja ndiye aje kuzungumza na daktari, hata kama ni binti wa kazi. Aseme lini mara ya mwisho alimwona mzima, kwa saa, kwani muda wa baadhi ya tiba za kiharusi huhesabiwa tangu hapo. Chagueni msemaji mmoja, awe na daftari, na aulize: mnahofia nini zaidi? Kipimo gani hakijarudi? Tukiona nini tumwite nesi? Mkitaka kumhamisha, ombeni barua ya rufaa na nakala za vipimo, asianze upya kule aendako.

Dua na sala hazigombani na dripu. Kinachogombana nayo ni kumtoa mgonjwa wodini usiku. Kumbukeni pia mama aliyekaa kwenye kiti siku mbili bila kula. Mpokeeni zamu, akalale. Na watoto waambiwe ukweli: babu anaumwa, madaktari wanatafuta sababu.

Leo jioni, kabla hajaumwa mtu, piga picha ya dawa zote za mzazi wako, andika magonjwa aliyonayo na dawa zinazomdhuru, kisha uwatumie ndugu wote.