Je, Wajua? Timu Inapofungasha Virago

Sogea hapa kwenye benchi, kahawa bado ya moto. Wewe ni wa Arsenal, siyo? Basi shika hii: je, wajua kwamba Arsenal si mwenyeji wa kaskazini mwa London? Ilizaliwa mwaka 1886, ikaanzishwa na mafundi wa kiwanda cha silaha huko Woolwich, kusini mwa mto Thames. Mwaka 1913 ikavushwa mto hadi Highbury, pua kwa pua na Tottenham. Ule utani wa jadi unaokupandisha presha kila msimu umetokana na timu kuhama mtaa!

Na hujasikia yote. Mwaka 1932 stesheni ya treni ya Gillespie Road ikabadilishwa jina, ikaitwa Arsenal. Mgeni kaja juzi, leo stesheni inaitwa kwa jina lake.

Lakini Arsenal alihama, akatulia. Leo nina timu nyingine mkononi, ambayo mashabiki wake wakisikia neno "uwanja" roho zinaruka. Inaitwa Coventry City, ya katikati ya Uingereza. Je, wajua ilianzishwa na watengeneza baiskeli? Mwaka 1883, wafanyakazi wa kiwanda cha baiskeli cha Singer waliunda timu yao na kuiita Singer's. Jina la Coventry City lilikuja 1898.

Mwaka uliofuata wakahamia uwanja wa Highfield Road. Wakakaa hapo miaka 106. Soma tena: miaka 106! Babu, baba, mtoto na mjukuu, wote njia moja ya kwenda mpirani.

Mwaka 2005 wakahamia uwanja mpya unaong'aa, viti 32,609. Sasa hapa ndipo penye utamu, na uchungu pia. Uwanja haukuwa wao! Walitoka kwenye nyumba yao wakaingia ya kupanga, na kodi ilikuwa zaidi ya pauni milioni 1 kwa mwaka. Desemba 2007 klabu ikanunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya London iitwayo SISU. Mwaka 2012 timu ikashuka hadi daraja la tatu, kodi ni ileile, na wamiliki wakagoma kulipa.

Mpangaji akigoma kulipa kodi unajua kinachofuata. Msimu wa 2013/14 Coventry City ilicheza mechi zake za "nyumbani" mjini Northampton, kilomita kama 55 kutoka Coventry. Piga picha: Yanga wanaambiwa mechi zenu zote za nyumbani sasa ni Bagamoyo, na jijini uwanja upo, umefungwa, mtupu!

Mechi ya kwanza ya ukimbizini waliifunga Bristol City 5-4. Mabao tisa kwa dakika tisini! Waliokuwa uwanjani? Watu 2,204.

Wengine walikuwa wapi? Hapa utacheka. Nje ya uwanja wa Northampton kuna kilima, na ukisimama juu yake unauona mchezo. Mashabiki wa Coventry wakapanda pale, mvua au baridi, wakaangalia timu yao kutoka nje ya ukuta ili wamiliki wasipate hata senti yao. Kilima wakakibatiza Jimmy's Hill.

Kwa nini Jimmy? Ngoja, hii nayo ni habari. Jimmy Hill ndiye kocha aliyeivalisha Coventry jezi za bluu ya mbinguni miaka ya 1960 na kuipandisha ligi kuu mwaka 1967, ambako ilikaa miaka 34 mfululizo. Kabla ya hapo, akiwa kiongozi wa chama cha wachezaji, alipigania kufutwa kwa sheria iliyosema mchezaji wa Uingereza asilipwe zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Sheria ikafutwa mwaka 1961. Kila nyota anayelipwa mamilioni leo angemtumia yule mzee walau kadi ya shukrani.

Na bado! Mwaka 1972 Jimmy Hill, sasa akiwa mtangazaji, alikuwa amekwenda zake kutazama Arsenal na Liverpool, mshika kibendera akaumia. Kipaza sauti kikauliza kama kuna mwamuzi mwenye sifa kati ya watazamaji. Jimmy akashuka jukwaani, akavaa, akashika kibendera, mechi ikaendelea. Mtangazaji maarufu wa televisheni, pembeni ya uwanja, anapunga kibendera!

Turudi kwenye virago. Septemba 2014 Coventry wakarudi kwao. Mechi ya kwanza dhidi ya Gillingham, ushindi wa 1-0, na watu 27,306 wakajaa. Kutoka 2,204 hadi 27,306, timu ni ileile na daraja ni lilelile la tatu.

Furaha ikadumu wiki chache tu. Je, wajua nani aliununua uwanja ule mwaka huohuo? Timu ya raga! Tena yenyewe imehama: Wasps, klabu iliyozaliwa London mwaka 1867, ilikuja Coventry na mizigo yake yote. Basi timu ya mji ikawa mpangaji, na mgeni akawa mwenye nyumba.

Mwaka 2019 mazungumzo yakavunjika tena. Virago juu, mara ya pili, safari hii Birmingham, kwenye uwanja wa St Andrew's, kwa misimu miwili. Na wakiwa huko huko ugenini, wakachukua ubingwa wa daraja la tatu mwaka 2020! Mpangaji asiye na kwao, na kombe mkononi.

Umeshaelewa kwa nini watu hawa hawalali? Walirudi Agosti 2021. Mwaka uliofuata Wasps wakaishiwa fedha, uwanja ukauzwa kwa mfanyabiashara Mike Ashley, na Desemba 2022 Coventry wakapewa notisi ya kuondoka. Desemba! Katikati ya msimu! Baadaye walielewana, na mwezi Mei mwaka 2023 timu hiyohiyo ya notisi ikawa Wembley, penalti tu kati yake na ligi kuu. Luton wakapita, 6-5.

Kunywa kidogo. Sasa nikuulize: umeshawahi kuona mechi ikisimamishwa kwa sababu ya nguruwe? Oktoba 2016, Charlton na Coventry, mpira umeanza sekunde chache tu, mara maelfu ya nguruwe wadogo wa plastiki yakamiminika uwanjani. Mashabiki wa pande zote mbili walikuwa wamekula njama moja, kila upande ukimlaani mmiliki wake. Wachezaji wakaanza kuokota nguruwe.

Charlton hao usiwachezee kabisa. Mwaka 1985 timu yao iliondolewa kwenye uwanja wao, The Valley, ikawa inapanga kwa wenzake. Mwaka 1990 mashabiki wakafanya nini? Wakaanzisha chama cha siasa! Kweli kabisa, wakaweka wagombea udiwani katika eneo la Greenwich, na sera yao ilikuwa moja: turudishieni uwanja wetu. Wakapata kura 14,838, karibu asilimia 11. Desemba 1992 timu ilikuwa imerudi The Valley.

Brighton je, hawa unaowaona leo wakizitoa jasho timu kubwa? Mwaka 1997 waliondoka kwenye uwanja wao, uliokuwa umeshauzwa, na palipokuwa goli pakajengwa maduka. Wakaenda kuchezea mjini Gillingham, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao, misimu miwili. Kisha miaka 12 kwenye uwanja wa riadha, mashabiki wakitazama mpira ng'ambo ya njia ya kukimbilia. Uwanja wao wenyewe waliupata mwaka 2011.

Haya, sasa kaa vizuri. Ninakuja kwa Wimbledon, na hapa hata shabiki wa Coventry hunyamaza.

Je, wajua klabu hii iliingia ligi rasmi mwaka 1977 na ikafika daraja la juu kabisa mwaka 1986? Miaka tisa! Mwaka 1988 ikaifunga Liverpool 1-0 fainali ya Kombe la FA, na kipa Dave Beasant akapangua penalti ya John Aldridge. Ilikuwa penalti ya kwanza kupanguliwa katika fainali ya kombe hilo Wembley.

Miaka mitatu baadaye wakauacha uwanja wao wa Plough Lane na kupanga kwa Crystal Palace. Kupanga huko kukachukua miaka 12. Kuna wakati ilipigiwa hesabu ihamie Dublin. Dublin ya Ireland! Nchi nyingine, ng'ambo ya bahari!

Kisha ikaja tarehe 28 Mei 2002. Jopo la watu watatu likapiga kura kama timu ihamishiwe Milton Keynes, kilomita 90 hivi kutoka kwao. Wawili ndiyo, mmoja hapana. Klabu iliyoanza mwaka 1889 ikaondoka kwa tofauti ya kura moja.

Mashabiki wakagoma. Oktoba mwaka huo, timu ikiwa bado inasubiri kuhama, mechi yake na Rotherham ilitazamwa na watu 849. Harusi ya mtaani kwetu inawazidi.

Walikwenda wapi? Kuunda timu yao! Siku chache tu baada ya kura ile walikuwa na klabu mpya, AFC Wimbledon. Wachezaji waliwapata vipi? Waliwaita kwenye nyasi za wazi za Wimbledon Common, yeyote anayejua mpira aje, wakatokea kama 230. Mchangani kabisa, ndugu yangu. Mechi ya kwanza ya kirafiki walifungwa 4-0, na watu 4,657 walikuwepo. Waliofungwa manne walikuwa na watazamaji mara tano ya timu ya ligi iliyokuwa inawakimbia.

Wakaanzia daraja la tisa. Kati ya Februari 2003 na mwishoni mwa 2004 wakacheza mechi 78 za ligi bila kupoteza hata moja. Mechi 78! Ile Arsenal yako ya "wasioshindika" iliishia 49. Mwaka 2011 wakaingia ligi rasmi, miaka tisa tangu siku ya Wimbledon Common.

Na mwaka 2018? AFC Wimbledon na timu ile iliyopelekwa Milton Keynes, sasa MK Dons, walikuwa daraja moja la tatu. MK Dons ikashuka. Wimbledon ikabaki. Hilo silitii chumvi, lina yake ya kutosha.

Novemba 2020 wakafungua uwanja mpya Plough Lane, kama mita 250 tu kutoka ule wa zamani. Miaka 29 ya kungoja kurudi nyumbani! Sasa kisie mashabiki wangapi waliingia siku ya mechi ya kwanza. Sifuri. Ilikuwa wakati wa korona, milango imefungwa, Doncaster wakatoka nao sare ya 2-2 mbele ya viti vitupu.

Usidhani ni Uingereza tu. Korea Kusini, mwaka 2004, timu ya mji wa Anyang ilihamishiwa jijini na kuwa FC Seoul. Anyang wakaunda nyingine mwaka 2013, jezi za zambarau, na mwaka 2025 wakawa ligi kuu pamoja na FC Seoul. Mexico nako, mwaka 2020 timu ya Morelia ilihamishiwa pwani na kuwa Mazatlán.

Marekani wana dawa yao. Mwaka 1995 mmiliki wa Cleveland Browns, ya mpira wa Kimarekani, alitangaza kuipeleka timu Baltimore, na mwaka uliofuata jimbo la Ohio likatunga sheria ya kumbana mwenye timu anayetaka kuondoka. Sheria ikalala zaidi ya miaka 20. Mwaka 2017 mmiliki wa Columbus Crew, ya soka, akataka kuhamia Texas. Jimbo likaiamsha sheria na kwenda mahakamani, mashabiki wakaandamana, wanunuzi wapya wakapatikana, timu ikabaki. Unajua wanunuzi wakubwa walikuwa nani? Familia inayomiliki Cleveland Browns! Na Crew ikachukua ubingwa mwaka 2020, na tena 2023.

Na hapa kwetu? Wewe wa Yanga usinune. Novemba 29, 2022, pale Highland Estates, Mbarali, kati ya mashamba ya mpunga, Ihefu iliwafunga 2-1 na kukata mbio za mechi 49 bila kupoteza. Leo ukienda Mbarali ukaulizia Ihefu ya ligi kuu, huipati. Mwaka 2024 ilihamia Singida na ikabadilishwa jina, ndiyo hiyo Singida Black Stars.

Uingereza nao wameamka. Sheria ya usimamizi wa soka ya mwaka 2025 inasema klabu haihamishi uwanja bila ruhusa ya msimamizi huru. Hata rangi za jezi na nembo, mashabiki lazima waulizwe kwanza.

Mwezi uliofuata sheria hiyo, Agosti 2025, Coventry City ikaununua uwanja wake. Miaka 20 kamili tangu waingie kama wapangaji! Mwenye klabu sasa ndiye mwenye uwanja pia, vyote mkononi mwa mtu mmoja, kwa hiyo usishangae ukikuta shabiki wa Coventry anafurahi huku jicho moja liko kwenye mlango.

Ya mwisho, kisha nakuacha umalize kahawa. Nje ya uwanja ule kuna sanamu ya Jimmy Hill, iliyosimamishwa mwaka 2011. Timu ilikwenda Northampton ikarudi, ikaenda Birmingham ikarudi. Muda wote huo mzee alikuwa palepale getini, peke yake.