Usiniulize Inakuza Mara Ngapi

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni moja: nina darubini, je, ninunue lenzi gani ya jicho ili ikuze zaidi? Anayeuliza huwa ameshalisoma boksi, na boksi limemwambia 525x au 675x kwa herufi nene kuliko jina la mtengenezaji. Amelenga Zohali, akaona doa la kijivu linalotetemeka, akahitimisha kwamba ukuzaji haujatosha. Kumbe umezidi, tena umezidi mno. Namjibu mmoja leo, kesho anakuja mwingine na boksi lile lile. Kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye ukurasa huu.

Hesabu yenyewe haina siri. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini ukigawanywa kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Darubini ya kawaida ya boksi ina lenzi ya mbele yenye kipenyo cha milimita 60 na fokasi ya milimita 700. Ndani ya boksi kuna lenzi ya jicho ya milimita 20, nyingine ya milimita 4, na lenzi ya Barlow ya mara 3. Gawanya 700 kwa 4, utapata 175. Zidisha kwa 3, ni 525. Darubini yenye fokasi ya milimita 900 hufikishwa 675 kwa njia hiyo hiyo. Mtengenezaji hajakosea hesabu, na ndiyo maana ulaghai huu haufi: namba ni sahihi, ila haina kazi. Mtu angeweza kupachika Barlow mbili za mara 3, moja nyuma ya nyingine, akaandika 1,575x, na picha isipate hata chembe moja mpya. Kinachoamua utaona nini ni kipenyo cha lenzi ya mbele. Nuru ni mawimbi. Ikipita kwenye tundu hutawanyika kidogo, na tundu likiwa dogo mtawanyiko huzidi. William Rutter Dawes, Mwingereza wa karne ya 19 aliyebobea katika nyota pacha, aliacha kanuni inayotumika hadi leo: gawanya 116 kwa kipenyo cha lenzi kwa milimita, na jibu, kwa sekunde za nyuzi, ni umbali mdogo kabisa kati ya nyota mbili ambazo darubini hiyo inaweza kuzitenganisha. Kwa milimita 60 jibu ni sekunde 1.9 hivi. Jicho zima la binadamu, nalo, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban dakika moja ya nyuzi, yaani sekunde 60. Maana yake ni kwamba ukuzaji wa mara 30 na ushei umeshalifikishia jicho kila kilichomo kwenye picha. Tuongeze hadi mara 60, hata 120, ili jicho lisijikaze. Hapo ndipo ilipo kanuni ya wazoefu ya mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo. Baada ya hapo kinachokuzwa ni ukungu. Kuongeza maji kwenye uji hakuongezi unga.

Na maji hayo yana gharama yake. Lenzi ya mbele imekusanya kiasi fulani cha nuru na haitakusanya zaidi kwa sababu umebadilisha kitu cha nyuma. Ukiitandaza nuru hiyo kwenye picha pana zaidi, uso wa sayari hufifia kwa kipeo cha pili cha ukuzaji. Kutoka mara 35, unazopata kwa lenzi ya milimita 20, hadi mara 525 ni ongezeko la mara 15. 15 mara 15 ni 225, na Zohali imefifia mara 225. Mwale unaotoka kwenye lenzi ya jicho na kuingia machoni mwako una upana wa kipenyo cha darubini ukigawanywa kwa ukuzaji: hapa ni milimita 0.11. Mwale ukiwa chini ya nusu milimita, jicho huanza kuona uchafu wake lenyewe, vivuli vya vijichembe vinavyoelea ndani yake, vikipita juu ya sayari kana kwamba ni vya huko. Tena Dunia haisimami kukusubiri. Kwa kuzunguka kwake, nyota iliyo karibu na ikweta ya mbingu husogea sekunde 15 za nyuzi kwa kila sekunde ya saa. Lenzi ya boksi yenye upana wa kuona wa nyuzi 40, kwa mara 525, inaonyesha kipande cha mbingu kisichofika dakika 5 za nyuzi, na sayari hukikatiza kwa sekunde 18 hivi. Ndani ya sekunde hizo uilenge, uweke fokasi, usubiri miguu myembamba ya alumini iache kutikisika, na kila mtikisiko nao unakuzwa mara 525. Halafu mtu anashangaa kwamba mtoto aliyenunuliwa darubini ameiacha kabatini. Mtoto ana akili.

Anayedai kwamba ukuzaji mdogo hauonyeshi kitu aiangalie historia. Galileo aliugundua msafara wa miezi minne ya Mshtarii mwezi Januari 1610 kwa darubini iliyokuza takriban mara 20. Christiaan Huygens, Mholanzi, aliuona Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, Machi 1655, kwa lenzi yenye kipenyo cha takriban milimita 57 na ukuzaji wa mara 50 hivi. Lenzi hiyo ilikuwa ndogo kuliko iliyo ndani ya boksi lako, na kwa ubora wa kioo haikuikaribia. Pete za Zohali huanza kujitenga na mwili wa sayari kwa mara 25 au 30. Mshtarii, inapokuwa karibu nasi, ina upana wa sekunde 45 za nyuzi. Ikuze mara 40 tu na itakuwa pana kama Mwezi mpevu unavyoonekana kwa macho matupu. Wengi hawaamini, kwa kuwa ndani ya lenzi sayari imezungukwa na giza na hakuna mti wala paa la kulinganisha nayo. Hisia ya udogo ni ya ubongo, na dawa yake ni kukaa na kutazama kwa dakika 10 badala ya 2. Mikanda ya mawingu hujitokeza yenyewe.

Nayajua mapingamizi. La kwanza: mbona wenye darubini kubwa hukuza mara 300? Kwa sababu kioo chao kina milimita 200 au zaidi, na hata wao hufika huko siku chache tu, kwa kuwa mtikisiko wa hewa peke yake kwa kawaida huichafua picha kwa sekunde moja hadi tatu za nyuzi. La pili lina uzito zaidi, na hutoka kwa watu wanaojua ramani: sisi tuko karibu na ikweta, anga letu si la Ulaya. Kweli kabisa. Sayari hazitoki nje ya ukanda wa njia ya Jua, kwa hiyo kwa mtazamaji wa Dar es Salaam, aliye karibu nyuzi 7 kusini, sayari yoyote ikifika kileleni huwa imepanda takriban nyuzi 60 au zaidi. Mtazamaji wa London, sayari inapokuwa upande wa kusini kabisa wa njia hiyo, huiona ikiwa nyuzi 15 tu juu ya upeo, kupitia hewa nene karibu mara nne kuliko ya utosini. Hii ni bahati halisi, nami huwashangaa wanaoiacha ipite bure. Lakini utulivu wa hewa huondoa kikwazo kimoja tu. Hauongezi kipenyo cha lenzi. Darubini ya milimita 60 ikiwa Dar es Salaam, Mombasa au juu ya mlima, kikomo chake ni mara 120. Tena bahati hiyo huliwa na paa la bati na ua wa saruji vilivyopikwa na jua mchana kutwa, kwa sababu joto lao hupanda jioni na kuikoroga hewa mbele ya darubini. Subiri usiku uingie, au hamia kwenye nyasi.

La tatu huulizwa kwa uchungu: kama haifai, kwa nini wameiweka? Kwa sababu namba huuza na lenzi hizo hazigharimu kitu. Angalia herufi zilizo juu yake. H20 ni muundo wa Huygens yule yule wa karne ya 17; SR4 ni wa familia ya Ramsden, karne ya 18. Ni vipande viwili vya kioo, au plastiki, na tundu la kuchungulia ni dogo kiasi kwamba kope zinagusa kioo. Barlow ya boksi nayo humharibia jina Peter Barlow, ambaye mwaka 1833 wazo lake lilitolewa kwa nia njema kabisa. Barlow nzuri ya mara 2 ni chombo cha heshima. Ile ya mara 3 ya plastiki haina wa kuitetea.

Sasa waulize watazama nyota wa ridhaa waliokwisha kuota sugu ni lenzi gani wanaipenda. Aghalabu hawatakutajia iliyo fupi kuliko zote. Watakutajia ile inayokaa kwenye darubini muda mrefu, nayo kwa kawaida ni ndefu ya fokasi na pana ya kuona. Kilimia ina upana unaokaribia nyuzi 2, nebula ya Jabari nyuzi 1 hivi, na Mawingu ya Magellan, ambayo mtu wa Ulaya lazima apande ndege kuyaona, ni mapana zaidi. Vitu hivyo ukivikuza sana unavipoteza. Kwa sababu hiyo muundo wa Georg Simon Plössl wa Vienna, wa mwaka 1860, wenye jozi mbili za vioo na upana wa nyuzi 50 hivi, bado ndio wa kazi ya kila siku. Na anayelipa fedha nyingi kwa lenzi za Al Nagler, Mmarekani aliyeshughulikia vioo vya vifaa vya mazoezi ya wanaanga wa Apollo kabla ya kuanzisha Tele Vue mwaka 1977, hanunui ukuzaji hata kidogo. Lenzi ya milimita 10 hukuza sawa sawa, iwe ya Plössl au ya Nagler. Ananunua nyuzi 82 badala ya 50, yaani eneo la mbingu karibu mara 2.7 kwa ukuzaji ule ule, na ukali wa picha hadi pembeni kwenye darubini fupi zenye fokasi mara 5 ya kipenyo. Darubini ndefu ya milimita 700 kwa 60 husamehe sana. Kuipachika lenzi ya namna hiyo ni kuvisha kilemba kilicho ghali kuliko kichwa. Wala usikimbilie upande wa pili: kwenye mdomo wa inchi 1.25, pale lenzi ya jicho inapopachikwa, Plössl ya milimita 40 haionyeshi mbingu zaidi ya ile ya milimita 32, kwa kuwa mdomo wenyewe umeshabana.

Kwa hiyo, haraka haraka. Pima kwanza mdomo wa darubini: ukiwa wa inchi 0.965, tafuta kipachiko cha kuufikisha 1.25, au kusanya fedha za darubini nyingine. Lenzi ya kwanza iwe Plössl ya milimita 25 au 32. Ya pili milimita 12 hivi. Ya tatu, kwa sayari tu, zile nafuu za Kichina za milimita 6 zenye mstari wa dhahabu na upana wa nyuzi 66. Kwenye fokasi ya 700 zinakupa mara 117, yaani kikomo chenyewe. Anayevaa miwani aulize umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi, usipungue milimita 15. Plössl fupi hazimfai. Lenzi ya kuvuta ya 8 hadi 24 inafaa kwa safari, ila kwenye 24 ni finyu. Fedha ikibaki, nunua miguu imara kabla ya lenzi ya nne.

Jambo moja la mwisho, na hili halina mjadala. Baadhi ya maboksi, hasa ya zamani, yana kichujio kidogo cheusi cha kutazamia Jua, cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho. Pale nyuma ndipo joto lote la Jua linapokusanyika. Kioo hicho kinaweza kupasuka ghafla, na jicho halitapata nafasi ya kufumba. Kichujio salama hufunika lenzi ya mbele, darubini nzima, kabla nuru haijaingia. Ukikikuta hicho kidogo usimpe mtu wala usikihifadhi. Kivunje kwanza, ndipo ukitupe, asije mtoto akakiokota.