Usichome Vifuko Vyeupe Ndani ya Mabua ya Mahindi

Mkulima anayepasua bua lililotobolewa na viwavi huenda akakuta kiwavi aliyekufa, na kando yake rundo la vifuko vyeupe mithili ya pamba. Wengi hudhani ni mayai ya wadudu waharibifu na kuyachoma. Kumbe ndani mna nyigu wadogo wa jamii ya Cotesia, wanaolinda mahindi.

Nyigu jike huingia katika tundu la bua na kutaga mayai mwilini mwa kiwavi. Mayai yakianguliwa, vibuu humla kiwavi kwa ndani, kisha hutoka na kusokota vifuko. Baada ya takriban wiki moja, nyigu weusi wenye urefu wa milimita 3 hivi huruka kutafuta viwavi wengine. Hawadhuru binadamu.

Cotesia flavipes aliletwa kutoka Asia na kuachiliwa Pwani ya Kenya mwaka wa 1993 na kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE. Anafanana mno na Cotesia sesamiae wa asili. Picha pekee haiwatofautishi. Wataalamu huchunguza viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini. Kwa mkulima, wote wawili ni marafiki.

Kabla ya kunyunyiza dawa, mkulima anashauriwa:

• Kupiga picha ya vifuko vikiwa pamoja na kiwavi.
• Kumpiga nyigu picha kutoka juu na ubavuni, mahali penye mwanga.
• Kuweka sarafu kando ili kuonyesha ukubwa.
• Kumwonyesha afisa wa kilimo wa wadi picha hizo.