Moshi wa Basi la Shule Ulivyotugombanisha

Kuna ugomvi wa ndoa unaoanza na meseji za usiku, na kuna ule unaoanza na pesa. Wa kwetu ulianza na kola ya shati. Na wala haikuwa na lipstiki.

Ilikuwa Jumatano jioni, nafua nguo za shule za binti yetu wa miaka saba. Kola nyeupe imekuwa rangi ya majivu. Nikainusa: dizeli tupu! Nikampelekea mume wangu kwenye kochi, anaangalia mpira. "Nusa hii." Akanusa, akanyamaza, kisha akasema, "Kesho hapandi lile basi. Tunakopa, tunanunua gari la pili."

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Sisi tunakaa Kimara, shule iko upande wa Mikocheni. Coaster linampitia saa 11:30 alfajiri, linazunguka kukusanya wenzake, linafika saa 1:15. Jioni ni yale yale. Yaani mtoto anakaa zaidi ya saa tatu kwa siku ndani ya basi. Usiku anakohoa, mpaka daktari alishatuuliza kama nyumbani kuna anayevuta sigara. Hakuna.

Hoja ya mume wangu ilikuwa nyepesi: mtoto ni wetu, tumtoe. Mimi nikaleta hesabu. Mkopo, mafuta, foleni ya Morogoro Road, halafu dereva nani? Mimi, bila shaka (hilo alikuwa ameshaliamua kimoyomoyo). Zaidi ya hapo, basi lile linabeba watoto 28. Kila mzazi akinunua gari, asubuhi yatapangana magari 28 getini, yote yanaunguruma. Moshi utakuwa umepungua wapi? Akaniambia najali mazingira kuliko mwanangu. Usiku huo tulilala mzungu wa nne.

Kwa hasira nikaanza kusoma. Mwaka 2012 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mtoto anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo anaumeza zaidi. Kilichonishtua kabisa ni kwamba moshi unaomdhuru abiria si wa magari mengine tu. Basi likisimama huku injini inawaka, moshi wake lenyewe unarudi ndani kupitia milango isiyofunga vizuri na upande wa injini.

Kuna watafiti waliofuatilia watoto 275 wa maeneo ya Seattle, Marekani, kati ya mwaka 2005 na 2009, mabasi yao yakifungiwa vichujio na kuwekewa mafuta safi zaidi. Hewa ndani ya mabasi ikawa safi zaidi, utoro shuleni ukapungua, na wenye pumu ndio walionufaika zaidi. Kumbe basi linaweza kutengenezwa jamani!

Jumamosi nikamfuata dereva. "Shikamoo anko." "Marahaba mama." Nikamuuliza kwa nini akifika kwenye geti la shule hazimi injini, anaacha sailensa nusu saa nzima. Akacheka kwa aibu. "Mama, betri imekufa. Nikizima haliwaki mpaka lisukumwe. Nani asukume, watoto?"

Nilibaki mdomo wazi. Mapafu ya watoto 28 yanachezewa kwa sababu ya betri!

Nilipomsimulia mume wangu, alivaa viatu. Huyu ndiye mwanaume niliyeolewa naye: mkopo anauwaza, ila kitu cha gereji hakimpiti. Fundi alikuta chujio la hewa limeziba kama soksi ya mchezaji, mpira wa mlango wa nyuma umechanika, na nozeli zimechoka. Moshi mweusi ukiuona, akatueleza, ujue mafuta ni mengi na hewa ni kidogo, hayaungui yote. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuanzia mwaka 2015 dizeli iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, lakini mafuta hata yawe masafi vipi hayaiponyi injini inayoumwa.

Kikao cha wazazi kilikuwa kichefuchefu. Mwenye basi alitaka nauli ipande. Baba mmoja akadai yeye alisoma kwa kudandia malori na hajafa. Mwingine akauliza kwa nini tusitumie gesi asilia kama teksi. Jibu la fundi: gari la petroli linabadilishwa kirahisi, injini ya dizeli ni kazi nyingine na gharama nyingine. Basi la umeme? Nairobi yapo barabarani tangu mwaka 2022, na Marekani kwa sheria ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa ajili ya mabasi safi ya shule. Sisi pale tulikuwa tunabishania betri.

Mwishoni tulikubaliana: betri, chujio na mpira wa mlango vibadilishwe mara moja, injini izimwe getini, na njia ipangwe upya ili basi lisirudi nyuma mara mbili kufuata mtoto mmoja. Wadogo wasikae viti vya nyuma. Nozeli zisubiri likizo ya Desemba, kwa kuwa ndizo zenye gharama.

Huu ni mwezi wa tatu. Binti anapandia saa 12:05 sasa, na kikohozi cha usiku kimepungua, hakijaisha. Likipanda kilima basi bado linatoa moshi mweusi. Mume wangu ameshaweka tarehe ya nozeli kwenye simu yake. Fomu ya mkopo wa gari nayo iko palepale kwenye droo, na nimemwambia akiitoa kabla ya Desemba tutarudi kwenye mzungu wa nne.